Tovuti Tatu za Mama wa Safari

Chuo nilichosomea kutengeneza tovuti kilikuwa orofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, na masomo yalianza saa kumi na moja na nusu jioni, wenye kazi wakishatoka kazini. Mimi nilikuwa na kazi. Mchana niliuza mbegu za mahindi na dawa za ng'ombe katika duka moja karibu na soko la Eldoret, jioni nikapanda ngazi kwenda kujifunza jinsi picha inavyotulizwa mahali pake kwenye skrini. Nilifanya hivyo miaka miwili bila kulala, au tuseme nililala darasani, na mwalimu akanizoea kiasi kwamba akifika dawati langu alipunguza sauti. Siku ya kufuzu nilivaa joho lililoshonewa mtu mrefu kama mlingoti wa bendera. Kuanzia siku hiyo, kwa hesabu yangu mwenyewe, nilikuwa mtengenezaji tovuti wa pili kwa ubora Eldoret nzima. Wa kwanza nilikuwa bado sijamwona.

Mazoezi ya mikono tulifanyia katika duka la uchapishaji, orofa ya pili ya jengo hilohilo. Kazi iliyoingia pale kila wiki bila kukosa ilikuwa vijitabu vya matanga. Unaweka picha ya marehemu katika duara, nyeusi na nyeupe, kisha historia yake, ratiba ya ibada, picha za familia, na mwishoni shukrani. Nilipanga vijitabu vingi mno. Nadhani nusu ya kaunti imezikwa kwa mkono wangu. Kufikia muhula wa mwisho ningeweza kupanga kimoja nimefumba macho na mandazi mdomoni.

Mteja wangu wa kwanza wa maana nilimpata kwa sababu ya kupe. Alikuwa mama wa makamo, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa kule Kapseret, na alikuja dukani kununua dawa ya kuogeshea. Macho yake yakapanda ukutani, ambako nilikuwa nimetundika cheti changu kando ya kalenda ya viuatilifu.

"Hii karatasi ni yako ama ni ya mwenye duka?"

"Ni yangu, Mama."

"Na bado unauza dawa ya kupe."

"Kupe hawangojei, Mama."

Alinitazama kama mtu anayekagua ndama. "Basi njoo ofisini kwangu kesho jioni. Nataka tovuti."

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya kinyozi. Mezani palikuwa na tufe la dunia, na kidole cha mtu kilikuwa kimesugua bara la Afrika hadi likapauka. Mlangoni bango lilisema "Safari za Ndani na Nje ya Nchi". Za nje zilikuwepo, tiketi moja moja za wakimbiaji na wanafunzi. Lakini kazi iliyolipia chumba kile ilikuwa nyingine, na kila mtu wa upande wetu aliijua.

Sisi tuliotoka pande za ziwa na magharibi tuko wengi mjini hapa. Ni makarani, mafundi, wauza nguo, vibarua. Tunaishi Eldoret, tunaabudu Eldoret, watoto wetu wanajua Eldoret tu, lakini mtu akifa anazikwa kwao. Basi familia inahitaji basi la waombolezaji, linaloondoka Alhamisi au Ijumaa nyuma ya gari la mwili na kurudi Jumapili. Mama huyu ndiye aliyepigiwa simu, naye akawapigia jamaa wote kuwaambia saa ya basi. Alikuja mjini zamani kama karani wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipopunguza watu yeye akaanza kukodisha basi, baadaye akanunua lake. Alijua kila njia ya boma, kutoka ziwani mpaka mpakani, daraja lipi hubebwa na mvua na shule gani ina uwanja wa kugeuzia basi. Naamini wachora ramani wa serikali walikuwa wakimuuliza yeye kwanza.

Jioni ile aliniwekea chai, akaniambia kwa nini alitaka tovuti.

"Wiki jana nilimpigia simu mama mmoja wa kanisani. Nilikuwa nimemtumia maziwa na mtu wa bodaboda, nikataka kujua kama yamefika. Akashika simu akasema, 'Ni nani?' Nikamwambia ni mimi. Akasema, 'Najua ni wewe. Nauliza ni nani.'"

"Alidhani kuna mtu ameaga."

"Nikamwambia ni maziwa. Akaanza kulia. Wengine hawashiki kabisa. Simu inaita, inaita, halafu wananitumia ujumbe: 'Tuko salama, Mama, asante.'" Alisogeza tufe kidogo kwa kidole. "Miaka yote hii sijapigia mtu simu akafurahi. Nataka nipeleke watu mahali wanapotaka kwenda."

Nafasi ilikuwa imetokea. Kundi la walimu wastaafu wa Moi's Bridge, zaidi ya arobaini, walitaka kwenda kuona bahari. Ziwa walikuwa wameliona, mto wanao. Bahari walikuwa wameifundisha darasani miaka thelathini na zaidi bila kuiona. Mwaka uliotangulia walipatana na wakala mmoja aliyewaacha kando ya barabara na mikoba yao mpaka jua likazama, kwa hivyo safari hii kamati yao ilitoa sharti: asiye na tovuti asijisumbue. Wangekaa Alhamisi wiki mbili mbele na kuamua. Mama akipata safari ile, angepata na nyingine baada yake, na basi lake lingeachana na matanga.

Nilimwambia alikuwa amekuja kwa mtu mwenyewe.

Baada ya siku nne nilirudi na kompyuta na miundo miwili. Dereva wake alikuwepo, mzee wa kutoka upande wa Bungoma, aliyeendesha mabasi tangu wakati lami ilipokuwa habari ya gazeti. Alivuta kiti akakaa kama mtu aliyekuja kutoa hukumu.

Muundo wa kwanza ulikuwa na simba. Ulipofungua ukurasa, simba walitoka kulia wakakimbia mpaka kushoto, jua likazama nyuma yao, na maneno "Karibu Safarini" yakapanda polepole kutoka nyasini. Ulichukua muda kufunguka. Mtu angeweza kupanda mahindi, apalilie mara mbili, arudi, akute simba wa pili ndiyo kwanza anaingia.

"Hao simba ni wa wapi?" Mama aliuliza.

"Ni wa intaneti, Mama."

"Injinia," dereva akasema, na hilo ndilo jina alilonipa mpaka leo, "mimi nimeendesha barabara zote za nchi hii. Simba nimemwona mara moja, na alikuwa amelala."

Muundo wa pili ulikuwa mweupe. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba tovuti inahitaji mahali pa kupumua, nami niliupa pumzi ya kutosha mapafu ya tembo. Palikuwa na jina la kampuni juu, orodha fupi ya safari katikati, nambari ya simu chini. Basi.

"Hii bado hujamaliza," Mama akasema.

"Nimemaliza, Mama. Ndivyo ilivyo."

"Inafanana na kwa daktari wa meno," dereva akasema. "Mtu ataingia huku ameshika shavu."

Mama hakucheka. Alizungusha tufe lake. "Zote mbili, mimi simo. Wale walimu waliachwa barabarani na mtu wasiyemjua. Wanataka kuona mtu na gari."

Alisema kweli. Tukakubaliana nitengeneze muundo wa tatu, wenye picha yake na picha ya basi lake. Ili ionekane ni kampuni ya usafiri wa kweli, nikapendekeza basi lipigwe picha karibu na uwanja wa ndege, ndege ikipita juu.

Tulikwenda Kapseret, ulipo uwanja wa ndege, Jumatatu alasiri. Basi lilikuwa limerudi kutoka matangani siku iliyotangulia na dereva alikuwa ameliosha mpaka ukiliangalia unajiona una umri mdogo. Tulilisimamisha kando ya shamba, tukangoja ndege. Hatukupata. Tulingoja mpaka majani yakaota upya chini ya magurudumu, na kilichopita mbele ya kamera ni ng'ombe watatu, bodaboda mbili na mtu aliyebeba mlango. Mwishowe nilipiga basi peke yake, na mawingu nyuma. Halafu nikampiga Mama, amesimama wima, mikono mbele, haonyeshi meno. Nilimwomba atabasamu, akasema hapo alikuwa anatabasamu.

Usichokijua ni kwamba kwenye kioo cha pembeni cha basi lile palikuwa na utepe mwekundu. Mtu yeyote wa nchi hii anajua maana yake: gari lenye utepe mwekundu liko kwenye msafara wa matanga. Dereva hakuwa na tabia ya kuufungua. Barabarani, alisema baadaye, utepe unaheshimiwa kuliko leseni. Magari yanakupisha na vizuizini mkono wa askari unainuka tu, pita. Yeye alikuwa ameuzoea. Mama alikuwa ameuzoea. Na mimi, niliyekuwa nimeona tepe za namna hiyo kila Ijumaa ya maisha yangu, niliuangalia moja kwa moja na sikuona kitu. Kibaya zaidi, nilipokaa kuchagua rangi za tovuti, niliiambia kompyuta inichagulie kutoka kwenye picha, nayo, kwa kuwa haijawahi kwenda matangani, ikachagua ile iliyong'aa kuliko zote.

Kwa hivyo muundo wa tatu ulikuwa mweusi na mwekundu. Picha ya Mama niliiona ina vivuli vibaya, nikaifanya nyeusi na nyeupe, nikaitia kwenye duara ikae vizuri. Chini yake niliandika mwaka alioanza safari zake. Kisha nikapanga kurasa: Historia Yake, Ratiba, Picha, Shukrani. Mkono ulikwenda wenyewe. Niliona kazi imenitoka kwa urahisi wa ajabu, nikaamini huo ndio ukomavu ambao mwalimu alikuwa akituahidi.

Mama alipouona aliisogelea skrini. "Huyu ni mimi," akasema.

"Na hili ni basi," dereva akasema. "Injinia, hapo umefika."

Nikauweka hewani Jumanne. Mama akatuma anwani yake kwa mwenyekiti wa wale walimu.

Jumatano jioni nilikuwa ofisini nikimfundisha jinsi ya kusoma ujumbe wa wateja simu yake ilipoita. Nambari ilikuwa ya mwenyekiti. Mama alisimama ili apokee, akaiweka sauti ya nje tusikie wote.

"Halo," sauti ya mzee ikasema, pole pole, kama ya mtu aliyevua kofia. "Naongea na familia?"

"Familia gani?"

"Ya marehemu. Mimi ni mwenyekiti wa walimu wastaafu. Tumeona tangazo. Poleni sana."

Mama alinitazama. "Marehemu gani, Mwalimu?"

"Mama wa safari. Tumesikitika. Tumezungumza naye Jumapili tu, na sauti yake ilikuwa nzima."

"Mwalimu, ni mimi."

Mzee akakohoa.

"Wewe ni dada yake?"

"Ni mimi mwenyewe."

Kimya kilikuwa kirefu kuliko barabara ya kwenda Nakuru. "Mwenyewe nani?" mzee akauliza, na kabla hajajibiwa akakata.

Dereva alivuta kompyuta kwake. Aliangalia picha iliyo kwenye duara, akashuka mpaka Ratiba, akashuka mpaka Shukrani, akapanda tena mpaka kwenye basi. Akaweka kidole kwenye kioo cha pembeni.

"Injinia," akasema. "Umemzika."

"Huo utepe ni wako, Mzee."

"Utepe ni wangu. Duara ni la nani?"

Nilianza kueleza habari ya rangi na kompyuta. Mama aliinua mkono, nikanyamaza. Nilitegemea anifukuze, na nilikuwa nimeshakunja waya. Alichofanya ni kupiga ile nambari mara tatu. Iliita mpaka mwisho, mara tatu.

"Hawatashika," akasema. "Ningekuwa wao, hata mimi nisingeshika. Kesho wanakaa. Itabidi wanione kwa macho."

Nikautoa ule muundo hewani mbele yake, nikaweka wa simba kwa dharura.

Tulikwenda Moi's Bridge kwa basi lenyewe, watu watatu katika gari la watu sitini. Asubuhi dereva alikuwa ameufungua utepe kwa uchungu, kama askari anayerudisha bunduki. Mahindi yalikuwa yamekauka pande zote mbili za barabara yakingoja kuvunwa, na malori ya nafaka yalitusonga. Mama alikaa kiti cha mbele, mkoba magotini. Mimi nilikaa viti vinne nyuma yake. Nilipima, huo ndio umbali wa heshima.

Kamati ilikuwa watu saba, katika chumba cha mikutano nyuma ya ghala. Tulipoingia, walimu waliofundisha maelfu ya watoto kutoogopa giza walisimama wote kwa pamoja. Mmoja aliangalia miguu ya Mama kuona kama imegusa sakafu.

"Hamjambo, Walimu," Mama akasema. "Mimi sijafa. Ni kijana huyu alikosea picha."

Macho yote saba, yaani kumi na manne, yakahamia kwangu. Nikasema shikamoo kwa kila mmoja.

Mwenyekiti aliketi kwanza. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta iliyofungwa vifungo vyote. "Mama, tumeshukuru kukuona," akasema. "Lakini kuna tatizo la muhtasari wa kikao."

"Tatizo gani?"

Katibu, mama aliyekuwa mwalimu mkuu na bado alikuwa na sauti ya gwaride, alifungua daftari. "Jana tulikuwa na kikao cha dharura. Tumeandika hapa kwamba tulisimama dakika moja kwa heshima ya marehemu. Imeshawekwa sahihi."

"Si mnaweza kufuta?"

"Muhtasari haufutwi. Tunaweza kuandika marekebisho."

"Andika basi," mwenyekiti akasema, "kwamba marehemu alihudhuria."

Katibu akaandika. Hakuna aliyecheka. Nilijikaza mpaka mbavu zikaniuma hadi Jumapili.

Walituruhusu kuonyesha tovuti. Nikafungua ya simba. Tulikaa tukiwasubiri simba watokee. Walimu waliketi wametulia, kwa uvumilivu wa watu waliosimamia mitihani maisha yao yote. Simba walipopita, mzee mmoja aliuliza kama hao wako kwenye njia ya kwenda baharini. Nikasema hapana. Akauliza wanafanya nini hapo.

Mama akanifungia kompyuta kwa mkono wake mwenyewe. "Walimu, wacha niwaambie ukweli. Basi langu hubeba watu wa matanga. Ule utepe mliouona haukuwa wa kupamba. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi na sijawahi kuacha mtu barabarani. Sasa nataka kubeba watu wanaokwenda kufurahi. Mngekuwa ninyi wa kwanza."

Wakatuomba tutoke. Tulisimama uani kati ya magunia. Dereva aliokota punje ya mahindi, akaivunja kwa jino kupima ukavu. Ndani tulisikia sauti za watu wazee wakibishana kwa utaratibu, mmoja mmoja, kupitia kwa mwenyekiti. Mama alisimama akiangalia mlango. Nilitaka kumwambia kitu, lakini kila nilichokipata kilikuwa kinaanza na neno "pole".

Walipotuita, mwenyekiti ndiye aliyesema.

"Mama, tumekuelewa, na tumekuheshimu. Lakini kuna wenzetu wamekataa. Wanasema mtu tuliyemsimamia dakika moja hawezi kutupeleka kuogelea. Na lile basi, wengine wetu tumelipanda kwa safari zake zile nyingine. Ukikaa kwenye kile kiti utakumbuka. Tutakwenda na wale wengine."

Wale wengine walikuwa kampuni ya mji mwingine. Tovuti yao, nilikuja kuiona, ilikuwa na simba.

"Nimeelewa," Mama akasema. Alichukua mkoba wake. Kisha, kama mtu asiyeweza kupita kikombe kilicho ukingoni mwa meza bila kukisogeza, akauliza, "Mtaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

"Basi Timboroa kule mlimani mtafika kabla jua halijapata nguvu, na ukungu utakuwa bado uko chini. Kuna baridi ya kuvunja meno. Kila mtu awe na blanketi ndani, si kwenye buti la mizigo. Na dereva akiwaambia choo ni mpaka Nakuru, msikubali. Wenye sukari hawawezi. Asimame hapo juu, kuna mahali pazuri, vyoo vyake havina ngazi. Wenye magoti mabaya wakae upande wa njia ya katikati, wanyooshe mguu. Na wa presha wapate chakula kabla ya dawa, sio baada."

Katibu alikuwa akiandika yote. Mama aliendelea mpaka akawafikisha baharini na kuwarudisha, kituo kwa kituo, bila karatasi. Kwa makadirio yangu ilichukua siku mbili na nusu, ingawa dereva anasema ni robo saa.

Tulipokuwa mlangoni katibu alitufuata na lile daftari. Alishusha sauti ya gwaride hadi ikawa sauti ya mtu wa kawaida.

"Mama, tuachie nambari yako. Kwa ile kazi yako nyingine. Mimi kwetu ni Kakamega, na unaona umri."

Mama akamwandikia. Akamwuliza, "Kakamega upande gani? Kuna njia ya basi mpaka bomani?" Nyuma ya katibu akaja mzee aliyeuliza habari za simba, kisha wengine, mmoja mmoja. Mwishowe mwenyekiti mwenyewe, amefunga vifungo vyote, akasema kwao ni ng'ambo ya mto na daraja ni la mbao. Mama aliandika: ng'ambo, daraja la mbao, basi dogo.

Njiani dereva alijaribu kumchangamsha. Alisema si vibaya, tumekwenda kutafuta safari moja tumerudi na saba. Mama aliangalia nje mpaka majengo ya mjini yakaanza kuonekana.

"Weka ile nyeupe," akaniambia, bila kugeuka.

"Ile ya daktari wa meno?"

"Ile ile. Ondoa simba. Andika tunafika wapi, na njia gani ni mbaya wakati wa mvua. Na mahali pa kusimama. Utepe usiuweke, na usiufiche mtu akiuliza."

Niliitengeneza kwa wiki moja. Alinitajia njia nami nikaandika, na kila jioni alikumbuka daraja jingine. Ikawa tovuti yenye picha chache na maneno mengi kuliko katiba. Watu walianza kuisoma hata wasio na msiba, wakitaka tu kujua kama barabara ya kwao inapitika. Kazi ya matanga iliendelea kama kawaida, Alhamisi kwenda, Jumapili kurudi. Habari ya bahari haikutajwa tena ofisini, na mimi sikuigusa.

Walimu walikwenda Desemba. Tulijua kwa sababu mwenyekiti alimtumia Mama picha. Ilikuja kwenye simu yake alasiri moja nikiwa pale nikirekebisha orodha ya madaraja, na dereva akinywa chai. Walikuwa wamesimama majini mpaka chini ya magoti, wamekunja suruali na kuinua sketi, wamepangwa kwa urefu kama watoto wa shule. Mwenyekiti alikuwa bado na sweta. Wote walikuwa wamefumba macho kwa sababu ya jua, na midomo wazi.

Mama aliiangalia sana. Akanipa simu, akaichukua tena.

"Hii inaweza kukaa kwenye tovuti?"

"Mama, hiyo safari haikuwa yetu."

"Lakini wale ni wateja wetu," akasema. "Siku yao bado tu."

Dereva alipaliwa na chai.

"Lazima uwaombe ruhusa," nikasema. "Tulifundishwa hivyo chuoni. Mpigie mwenyekiti."

Nadhani sikufikiria nilichokuwa ninasema mpaka nilipokwisha kukisema. Mama alishika simu mkononi kwa muda. Kisha akasimama, akapiga, akaiweka mezani sauti ya nje. Iliita. Dereva aliweka kikombe chini. Iliita tena, na ya tatu, na ya nne, nami nikaanza kutazama orodha yangu ya madaraja.

Ikashikwa. Kulikuwa na upepo upande ule, na sauti za watu.

"Mama wa safari," mwenyekiti akasema, "umeiona ile picha?"

"Nimeiona, Mwalimu. Nilikuwa nauliza kama—"

"Wacha nikuambie. Kumbe ina chumvi kweli. Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na tatu kwamba maji ya bahari yana chumvi, na jana ndiyo nimeonja. Nikamwambia katibu aonje, akakataa, nikamwambia onja, wewe ulikuwa mwalimu mkuu. Akaonja. Sasa anakunywa kama dawa."

"Na magoti?" Mama akauliza.

"Magoti yamepona. Sijui ni maji ama ni nini. Na Timboroa tulisimama pale uliposema. Yule dereva wao alikataa, katibu akamsomea daftari. Ngoja, ngoja, mke wangu anataka kukuambia habari ya kaa. Kuna kaa ameingia kwenye kiatu chake. Usikate."

"Sikati," Mama akasema, akavuta kiti, akakaa.